Majani ya Tetu Yanakokwenda

Mhadhara uliotolewa Wamagana, Kaunti ya Nyeri, mbele ya wakulima wa chai, walimu na vijana



Nimeombwa nizungumze juu ya chai na safari. Mada hii ingeweza kunipeleka mbali sana, hadi China na Japani, kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono na majani yanayotiwa maji mara nyingi bila kuchoka. Huko nitapita haraka. Wengi mlioketi mbele yangu mliamka leo kabla ya jua, mkachuma majani mawili na kichipukizi, mkayabeba hadi kituoni, karani akayapima, kisha lori likayachukua kuelekea kiwanda cha Gathuthi. Habari za chai mnazo ninyi. Mimi ninazo habari za kule inakokwenda ikishaondoka Tetu, na nina ombi moja ambalo nitalisema mwishoni.

Wakikuyu wana msemo kwamba mtoto asiyetembea hudhani mama yake peke yake ndiye ajuaye kupika. Mimi nilitembea, na kwa upande wa chai nilikuta kinyume chake. Mapishi ya mama yanasifiwa ugenini, na sisi watoto wake hatujui yanasifiwa kwa lipi.

Nianzie Mombasa, maana ndiko kila jani la mlimani linakopita. Katika Barabara ya Nyerere kuna jengo la Kituo cha Biashara ya Chai, na wenye shughuli humo ni Chama cha Biashara ya Chai cha Afrika Mashariki. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969 ili uwe karibu na maghala na bandari. Siku hizi bei hutajwa kwenye kompyuta badala ya kupigiwa kelele ukumbini, lakini kazi ni ile ile: chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na Malawi hukutana pale kila wiki, ikagombewa kwa dola za Marekani. London nako kulikuwa na mnada wake kwa zaidi ya miaka 300. Ulifungwa mwaka 1998, na tangu hapo macho ya wanunuzi wa chai nyeusi yameelekea Mombasa, Kolkata na Colombo.

Kabla chai haijafika mnadani, huonjwa. Hapo ndipo nilipoanza kuijua chai, mimi niliyekuwa nikiinywa tangu utotoni. Katika ofisi ya dalali kuna chumba chenye madirisha makubwa na meza ndefu, na juu ya meza vimepangwa vikombe vyeupe safu kwa safu. Majani hupimwa kwa mizani ndogo, gramu chache tu kwa kila kikombe, yakatiwa maji yaliyochemka, yakafunikwa kwa dakika tano au sita. Kisha chai humiminwa katika bakuli jeupe, na majani yaliyobaki huwekwa juu ya kifuniko ili yatazamwe. Sukari haikaribii meza ile. Mwonjaji huchota kwa kijiko, akafyonza kwa sauti kubwa ili hewa na chai viingie pamoja hadi nyuma ya kinywa, akatema, akasogea kikombe kinachofuata. Hufanya hivyo kwa mamia ya vikombe kwa siku, na kwa kila kimoja hutamka neno moja au mawili ambayo karani huyaandika. Maneno yale ndiyo bei.

Nilipewa kijiko. Kikombe cha kwanza kilitoka nchi ya joto, ya chini. Kilikuwa kizito, cheusi, na hakikuacha kumbukumbu mdomoni. Cha pili kilikuwa chekundu kinachoelekea rangi ya shaba, king'avu hata chini ya bakuli ukapaona, na kiliupiga ulimi pembeni kisha kikaacha kinywa kisafi. Niliuliza kimetoka wapi. Nikaambiwa: mashariki ya Bonde la Ufa, miteremko ya Nyandarua. Ndugu zangu, ile ilikuwa chai ya nyumbani, na mimi sikuitambua, maana sikuwahi kukutana nayo bila maziwa na sukari.

Tofauti ile haikuja kwa bahati. Udongo wetu mwekundu ulitokana na volkano, una tindikali inayopendwa na mchai, na unapitisha maji bila kutuama. Usiku wa hapa una baridi, kwa hiyo kichipukizi hukua polepole, na jani linalokua polepole hukusanya zaidi vile vitu vinavyoipa chai ukali wake na rangi yake. Kuna mbegu pia: wengi wenu mna miche ya aina inayoitwa 6/8, iliyochaguliwa humu nchini, na waonjaji huiheshimu. Na kuna mkono wa mchumaji. Mama anayekataa kuvunja jani la tatu lililokomaa, ingawa lingeongeza uzito wa mfuko wake, ameshaamua sehemu ya bei ya Mombasa akiwa shambani Wamagana. Kazi ya mkono huo naiona kuwa ni ufundi kamili. Kwenye mabango na hotuba zetu huitwa kibarua tu, na si haki.

Kiwandani mnakujua, lakini vijana wengi hawajaingia ndani, kwa hiyo nieleze kidogo. Majani mabichi hutandazwa kwenye vitanda virefu vinavyopuliziwa hewa, yakanyaushwa kwa saa 12 hadi 18 mpaka yalegee. Kisha hupita kati ya mitambo ya meno inayokata, kurarua na kukunja kwa pamoja, mitambo iliyobuniwa Assam, India, katika miaka ya 1930. Yakitoka hapo ni chembe za kijani, na chembe hizo huachwa zichachuke kwa saa moja au zaidi, zikigeuka kutoka kijani hadi shaba huku harufu ya kiwanda ikibadilika. Halafu moto wa kukausha, unaokula kuni za mikaratusi kwa wingi. Mwisho huchekechwa na kutengwa kwa ukubwa wa chembe: BP1 chembe kubwa, PF1 ndogo zaidi, kisha PD, kisha D1 iliyo karibu na unga. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi huzaa kilo moja ya chai kavu. Kila mkulima angepaswa kuijua hesabu hiyo kwa moyo, kwa sababu bila hiyo hawezi kulinganisha bei ya jani na bei ya mnada.

Sasa sikilizeni jambo lililonichoma. Katika orodha ya mnada, kila shehena huandikwa kwa jina la kiwanda. Gathuthi imeandikwa Gathuthi. Chinga ni Chinga, Iria-ini ni Iria-ini, Ragati ni Ragati. Mnunuzi wa Karachi au Cairo analijua jina la kiwanda chetu kuliko mtu wa Nairobi anavyolijua. Lakini bei ikishakubaliwa, jina linakufa. Chai huingia ghalani, ikachanganywa na ya nchi nyingine tatu au nne, ikapewa jina la kampuni na picha ya ngome au ya tembo. Jina la Tetu husafiri kutoka hapa hadi Mombasa, na halimfikii mnywaji ng'ambo.

Nilifuata safari hiyo kadiri nilivyoweza. Mji wa Kale wa Mombasa asubuhi hunywa chai kwa mahamri na mbaazi za nazi, chai yenye iliki na tangawizi, na mzee wa pale atakueleza kwa nini iliki isitiwe mapema. Unguja nilikuta chai ya rangi yenye mdalasini na karafuu, na siku nyingine mchaichai mtupu, bila jani la chai hata moja. Lakini funzo kubwa la Unguja nililipata nje ya mji, Kizimbani na Kidichi. Huko wageni hulipa kutembezwa shambani, wakavunja gome la mdalasini kwa mikono yao, wakanusa jani la mkarafuu, wakaketi kunywa chai ya viungo hivyo hivyo, na wakaondoka wamenunua. Mkulima wa viungo anamwona mnywaji uso kwa uso. Yeye na mgeni wake wanajua wanachokunywa kimetoka mti upi.

Muscat nilikaribishwa na familia zenye asili ya Zanzibar, ambazo Kiswahili chao kina maneno ambayo sisi tumeyasahau. Nyumbani walinipa chai ya maziwa ya Kiunguja. Barabarani ni habari nyingine: huko wanakunywa karaki, chai kali iliyochemshwa sana na maziwa mazito ya kopo na iliki, wakati mwingine na zafarani, na magari husimama mbele ya duka dogo mtoto akileta vikombe vya karatasi hadi dirishani. Karaki ililetwa na Wahindi na Wapakistani wafanyakazi, ikapendwa na wenyeji. Inahitaji chai yenye nguvu ya kubeba maziwa yale, na chai yenye nguvu hiyo ni ya chembe ndogo kama tunayoitengeneza sisi. Dubai, pale Jebel Ali, kuna kituo cha kuchanganya na kufungasha chai tangu mwaka 2005, wala nchi ile haina shamba la chai.

Pakistani sijafika, lakini haiwezekani kuzungumzia chai ya Kenya bila kuitaja, kwa kuwa ndiyo mteja wetu mkubwa kuliko wote. Wapo huko wanaochemsha majani ndani ya maziwa matupu, bila maji au kwa maji kidogo sana, na hawaridhiki mpaka rangi iwe ya tofali. Misri ni mteja mwingine mkubwa. Watu wa kaskazini mwa nchi ile huacha unga wa chai ujizamie wenyewe katika bilauri ya maji moto. Watu wa Misri ya Juu huuchemsha mpaka uwe mweusi, wakatia sukari hadi kijiko kisimame. Waingereza hutia maziwa baridi kidogo katika chai ya mfuko, na sehemu kubwa ya rangi na nguvu iliyomo katika mifuko ile hutoka Kenya. Niliketi katika nyumba moja London, nikageuza pakiti pande zote nikitafuta neno moja litakaloniambia chai ile imetoka wapi. Halikuwepo.

China na Japani ninazitaja kwa sababu moja tu. Katika nchi zile, chai huuzwa kwa jina la mlima, kijiji, hata msimu wa kuchumwa, kama tulivyozoea kuuza viazi vya Kinangop au machungwa ya pwani. Mtu huuliza kwanza: ya wapi? Mchina Lu Yu aliandika kitabu kizima juu ya chai katika karne ya 8, na ndani yake akayapanga maji kwa ubora, ya mlimani yakitangulia. Utamaduni wa chai huanza mtu anapouliza swali hilo la chanzo.

Turudi hapa kwetu, maana historia ya chai ya Nyeri si ya kupitiwa juu juu.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru, mwaka 1903, na walowezi. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kiingereza yalifungua mashamba Kericho. Kwa miongo mitatu Mwafrika aliruhusiwa kuichuma chai na akazuiwa kuipanda. Walisema ataharibu ubora. Ukweli mwingine ni kwamba mtu mwenye chai yake hataenda kuchuma ya mwingine kwa ujira wa kibarua. Mapema miaka ya 1950 vipande vidogo vya majaribio vilianza kupandwa na wakulima wa Nyeri, na mwaka 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton, ulioitwa kwa jina la ofisa wa kilimo Roger Swynnerton. Ulifungua mazao ya biashara kwa Waafrika na kuunganisha vipande vya ardhi ili vipewe hatimiliki.

Tazameni tarehe hizo vizuri. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Mwaka ule ule wa 1954 watu wa Tetu walikuwa wakihamishwa kwa nguvu kutoka nyumba zao na kusongamanishwa vijijini chini ya ulinzi, wanawake wakichimba handaki kando ya msitu ili chakula kisiwafikie wapiganaji wa uhuru waliokuwa msituni. Wakati mipaka ya mashamba ilipokuwa ikipimwa, wanaume wengi walikuwa kizuizini, na baadhi yao walirudi wakakuta vipande vyao vimekwenda. Dedan Kimathi, kiongozi wao na mwana wa Tetu, alikamatwa Oktoba 1956 pembezoni mwa msitu huu huu. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Na mwaka huo huo wa 1957, upande wa pili wa Nyeri, kilifunguliwa kiwanda cha Ragati, cha kwanza nchini kwa chai ya wakulima wadogo.

Siyaweki mambo haya mawili pamoja ili kumlaumu aliyepanda chai. Serikali ya kikoloni ilitaka mkulima mwenye hatimiliki na zao la fedha, awe na kitu cha kupoteza, asiingie tena msituni. Hiyo ndiyo iliyokuwa nia yake. Lakini wazazi wetu walichukua kile walichopewa kwa nia hiyo wakasomeshea watoto, wakajengea nyumba za mabati, wakalipia hospitali. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalum, na mwaka 1964 ikawa KTDA, yaani Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya. Mwaka 2000 KTDA ikatoka mikononi mwa serikali, na leo wakulima wadogo zaidi ya laki sita ndio wenye hisa za viwanda. Sijaona nchi nyingine ya chai ambako mtu mwenye nusu ekari ana hisa katika kiwanda kinachosindika majani yake kwa kiwango hiki. Hilo tulitaje kwa fahari kila tunapozungumza na mgeni.

Kuna gharama nyingine, na hiyo ilisemwa na binti wa hapa karibu. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Katika kitabu chake cha maisha alisimulia juu ya mti mkubwa wa mugumo uliokuwa karibu na kwao, na kijito kilichotoka jirani na mizizi yake, alikochota maji na kucheza na mayai ya vyura akiwa mtoto. Miaka baadaye alikuta mugumo umekatwa na mwenye shamba mpya, ili kupata nafasi ya kupanda chai, na kijito kimekauka. Watu hupenda kumkumbuka kwa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004. Mimi naomba hapa Tetu tumkumbuke pia kwa mugumo ule, kwa sababu sisi ndio wenye chai. Mchai unahitaji mvua, mvua inahitaji Nyandarua, na Nyandarua inahitaji miti yake. Mwaka 1986 serikali ilianza kupanda ukanda wa chai, Nyayo Tea Zones, kuzunguka misitu ili shamba lisisogee ndani zaidi. Ua wa umeme wa kuizunguka Nyandarua, wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009. Ni mambo mazuri. Hata hivyo, mkulima anayepanda mikaratusi kwenye kingo za kijito kinachoshuka kuingia mto Gura anaikausha chai yake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kikombe chetu. Nimewasikia wasomi na wasafiri wakisema Wakenya hawajui kunywa chai, eti tunaizamisha katika maziwa na sukari. Sikubaliani nao. Kabla ya chai, nyumba ya Kikuyu ilimpokea mgeni kwa uji, na wazee kwa pombe ya muratina. Chai iliingia kupitia misheni, reli na majiko ya walowezi, na katika kizazi kimoja au viwili ikachukua nafasi ya vyote viwili: ya uji kwa sababu inashibisha ikiwa na maziwa, na ya pombe kwa sababu inaweza kutolewa mbele ya kila mtu, mchungaji na mtoto. Leo mgeni akiingia haulizwi kama atakunywa. Sufuria imeshawekwa. Kuna chai ya mazungumzo ya mahari na kuna chai ya matanga. Kuna chai ya saa nne katika kila shule na kila ofisi ya nchi hii. Kwa nduma au ngwaci, yaani kiazi kitamu, iliyotoka kuchemshwa, chai ile ni mlo kamili wa asubuhi ya baridi.

Na hebu angalieni inavyotengenezwa katika boma la Wamagana. Maziwa ni ya ng'ombe wa gredi aliye nyuma ya nyumba, anayelishwa nepia iliyopandwa kandokando ya chai. Maji ni ya mlimani, yale ambayo Lu Yu angeyaweka mbele. Kuni ni za matawi ya mchai uliopogolewa. Nusu maji, nusu maziwa, majani yakichemka pamoja hadi povu lipande na kushuka. Sukari ndiyo imetoka mbali. Katika safari zangu zote sijaona nyumba nyingine za kawaida ambako karibu kila kitu kilichomo kikombeni kimetoka ndani ya ua mmoja. Wanaoandika vitabu juu ya tamaduni za chai duniani wakija hapa wana jambo la kujifunza.

Kasoro ni jani lenyewe. Linatoka ndani ya ua huo huo, linapelekwa kituoni, na mwenye ua hununua dukani pakiti yenye chai asiyojua imetoka shamba gani. Mara nyingi ni unga laini wa bei nafuu, unaotoa rangi haraka ndani ya maziwa na kuficha kila kitu kingine. Nchi yetu iliyozalisha takriban kilo milioni 570 za chai mwaka 2023 iliuza nje zaidi ya tisa katika kila kumi. Si dhambi kuuza nje. Ndiko fedha ziliko. Lakini tumefika mahali ambapo mwenye kuilima chai ndiye pekee katika mnyororo mzima ambaye hajawahi kuionja. Dalali ameionja, mnunuzi naye, mchanganyaji wa Dubai naye.

Jambo hili linagusa mfuko. Kila mwaka ifikapo bonasi husikika minong'ono: kwa nini kiwanda hiki kimelipa shilingi kadhaa zaidi ya kile, kwa nini mwaka huu imeshuka. Kuna sababu nyingi, na baadhi ni za kweli kabisa: bei ya dola, vita na uhaba wa fedha katika nchi za wateja, gharama za kuni na umeme, uendeshaji. Lakini mojawapo ya sababu hizo hukaa ndani ya kikombe, na mkulima asiyejua kuonja hawezi kuijadili. Ataambiwa ubora umeshuka, naye atakubali au atakataa bila ushahidi wowote. Mwenye hisa anayeweza kukaa mezani, akaonja chai ya kiwanda chake ya wiki hii karibu na ya jirani, akasema hii imeungua kidogo motoni au majani haya yalikaa kituoni mpaka yakapata joto, huyo ni mwenye hisa kweli. Maswali yake kwenye mkutano mkuu yatakuwa ya namna nyingine.

Wala kuonja hakuhitaji chuo. Mama akiwa na kijiko kimoja cha chai nzuri ya chembe kubwa, maji yanayochemka kabisa, kikombe cheupe na kifuniko, atasubiri dakika tano na kuchuja. Aitazame kwanza dirishani. Ainuse. Kisha anywe kidogo bila chochote, na baada ya hapo atie maziwa yake kama kawaida na kuifurahia. Chai ya maziwa haitapungua utamu kwa kuwa mtu ameijua chai isiyo na maziwa.

Kwa vijana niseme moja zaidi. Kazi za uonjaji, uchanganyaji na udalali zina watu wachache sana kutoka kwenye familia zinazolima, na hujifunzwa kwa miaka kando ya meza. Kuna pia chai za namna mpya: ile ya zambarau, TRFK 306/1, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na kusindikwa Kangaita kule Kirinyaga, na zile zinazokunjwa majani mazima badala ya kukatwa. Bado ni kidogo, na soko lake halijatulia, kwa hiyo simshauri mtu ang'oe shamba la baba yake. Lakini chai hizo huuzwa kwa jina la mahali zilikotoka, na mahali penyewe tayari tunapo. Limuru, shamba la Kiambethu limekuwa likipokea wageni kwa miaka mingi, wakasimuliwa chai, wakatembezwa, wakalishwa. Nyeri inapitiwa na watalii wanaokwenda Nyandarua na Mlima Kenya kila wiki, na hupita Wamagana bila kusimamishwa na yeyote.

Basi ombi langu ni hili, na nalielekeza kwanza kwa wakurugenzi wa viwanda vyetu vya Nyeri, mliochaguliwa kwa kura za watu hawa. Wekeni meza ya kuonjea iliyo wazi kwa wakulima, siku moja kila mwezi, na mwonjaji awepo kueleza kwa Kikuyu na kwa Kiswahili. Shule za Tetu zipewe siku yake katika kila muhula. Chai mnayoifungasha ifike maduka na hoteli za mji wa Nyeri, Karatina na Othaya ikiwa na jina la kiwanda kwa herufi kubwa, na ndani yake iwe daraja lile lile mnalopeleka mnadani. Nanyi wenye hoteli, mgeni akiagiza chai, mwambieni imetoka mteremko gani. Nanyi kina mama na wazee mnaochuma, msipoona meza hiyo kufikia mkutano mkuu ujao, simameni muulize iko wapi.